Sema Mgongo

Kitambaa kilichanika gizani, polepole, kikanyamaza, kisha kikachanika tena. Mkamwana, kitandani, alijua mama mkwe anachana kanga nyingine ajifunge kabla hakujakucha, ashike jembe kama hana lolote. Kizazi kilikuwa kimeshuka tangu palizi ya mwaka jana. Daktari alitaka kumpasua, tena upesi. Lakini mama mkwe alikuwa amemwapisha: "Ukilitaja hili mbele ya wanangu, mimi na wewe basi. Sema mgongo."

Kwa hiyo asubuhi, kikao kilipoketi sebuleni, kilichojadiliwa ni mgongo.

"Mgongo!" alifoka shemeji mkubwa, dereva wa lori waliyembandika jina Honi kwa makelele yake. Gharama yote ya upasuaji ingetoka kwenye pikipiki anayoikodisha. Hapakuwa na kingine cha kuuza. "Niuze pikipiki kwa ajili ya mgongo? Mkulima gani haumwi mgongo? Mchueni!"

"Shemeji, daktari ameandika," alisema mkamwana.

"Daktari, au wewe? Tangu uanze masomo yako ya jioni umejifanya wakili humu ndani. Au unataka hela zipite kwanza mkononi mwako?"

Mume wa mkamwana, mdogo wake Honi, alikuwa akizikagua kucha za miguu yake kana kwamba zimeota leo. Mama alisimama mlangoni; kukaa hakuweza.

"Mwacheni mwanangu aende zake," alisema. "Haya si ya kufa."

Honi akainuka, ufunguo kidoleni.

"Si mgongo!" Maneno yalimponyoka mkamwana. "Kizazi kimeshuka, shemeji. Kinatoka nje. Anakifunga kwa matambara, analima hivyo hivyo, na akienda haja ndogo anauma pindo la kanga tusimsikie."

Honi alimtazama mama yake. Mama akatazama pembeni. Honi akaubwaga ufunguo mezani.

"Iuzwe leo. Ijumaa nakupeleka mwenyewe, mama." Akatoka. Mdogo wake akamfuata nyuma, kichwa chini.

Mkamwana akanyoosha mkono. Mama akaupiga kofi.

"Umenivua nguo mbele ya wanaume niliowanyonyesha! Hospitali nitakwenda. Wewe usinifuate. Na maji yangu usinichotee tena."

Akageukia ukuta, akasimama hivyo, mabega juu. Mjukuu wake wa miaka minne, mtoto wa mkamwana, akatoka chini ya meza, akawatazama wote wawili, akamshika bibi goti.

"Bibi, mama analia."