Kamba ya Bwana Nyavu

Mwaka ule wa homa, 1957, ili uvuke mto pale Garsen ilibidi uwe na hamu ya kumtazama nyani. Kumtazama mama yako haikuwa sababu ya kutosha. Nilimwuliza askari wa kivukoni, Hirbo, Mworma mmoja mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, naye akanijibu bila haya.

"Mgonjwa, hapana ruhusa. Mnyama, Jumapili, ruhusa iko."

"Mama yangu yuko ng'ambo, Hirbo. Amechukuliwa kutoka kijijini kwetu Idsowe, hata sijui kama anakunywa uji."

"Pole, mama. Mnyama tu."

Wanyama wenyewe walikuwa wa Mzungu tuliyemwita Bwana Nyavu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwanasa na kuwapeleka kwao Ulaya, watu wawatazame katika bustani. Homa ilipoingia safari zikasimama, wanyama wakabaki mazizini kwake. Hapo wakubwa wakapata wazo la ajabu: kwa kuwa soko limefungwa, na kanisa limefungwa, na matanga yamekatazwa, basi watu wa heshima waende kuwatazama wanyama, wachache wachache, kitambaa puani, nyuma ya kamba. Na wagonjwa wetu wakatiwa wapi? Katika zizi la punda milia, ambalo lilikuwa tupu na lina ua imara. Sikuyazua haya mimi. Wenye akili walikaa kitako, wakanywa chai, wakakubaliana hivyo.

Jumapili nikavaa gauni langu la kanisani, nikajifunga kitambaa, nikasema nataka kumwona nyani.

Tulivuka na watu wa maana. Alikuwapo Bulle, mwenye duka, amevaa koti alilooa nalo, jua linamchoma na jasho linamtiririka hadi shingoni. Bulle huyu alikulia nyuma ya ng'ombe, maisha yake yote amekuwa akiwatupia mawe pofu, wale swala wakubwa, wanaomnywea maji ya kisima. Siku hiyo alikuwa anakwenda kumtazama pofu. Kulikuwa na bibi wa Kizungu pia na mumewe, wametoka Malindi, na kila mmoja akizungumza kwa sauti ya chini, utadhani tunaingia msikitini.

Ng'ambo alitupokea kaka yangu, Barnabas.

Sina budi kumweleza Barnabas, ingawa mdomo wangu unachacha. Ni mzaliwa wa kwanza wa mama. Mama alilima mpunga mgongo ukapinda ili yeye asome misheni, naye akasoma, akajua Kiingereza, akawa msemaji wa Bwana Nyavu. Kaptula imepigwa pasi, soksi zimefika magotini, kitambaa puani, fimbo mkononi ya kuelekezea. Aliniona. Akanitikisia kichwa kidogo tu, vile anavyofanya mtu akikutana na mdai wake njiani.

"Huyu ni mtoto wa kiboko," alianza. "Chakula chake ni majani."

Majani! Kiboko aliyemaliza shamba la mahindi la mama mwaka juzi, na Barnabas mwenyewe ndiye aliyepiga debe usiku kucha kumfukuza. Bibi wa Malindi akasema maskini, mtoto mzuri. Bulle naye akasema mzuri sana. Nilitaka kutema mate, ila kitambaa kilinizuia.

Tukapita kwa mbega, tukapita kwa pofu, tukafika zizi la punda milia. Kamba ilipita pale pale mbele yake. Nikawaona watu wetu wamelala juu ya mikeka, wengine wameegemea ua wa miti. Mama alikuwa karibu na lango, amekonda, kanga imemzidi. Alipomwona mwanawe akanyoosha mkono kati ya miti.

"Barnabas, baba. Nipe mkono."

Kaka yangu akatazama mkono ule, akawatazama wageni, kisha akainua fimbo.

"Tuendelee. Upande huu kuna tandala."

Wakaendelea! Hata Bulle, ambaye mama alimpikia wali mara ngapi sijui, alikaza kitambaa na kuharakisha.

Sasa, katika amri zao zote kulikuwa na moja niliyoipenda: atakayevuka kamba na kumgusa mgonjwa atafungiwa humo humo mpaka homa iishe. Waliitunga kututisha. Mimi niliichukua kama ruhusa.

Nikaruka kamba, nikaushika mkono wa mama kwa mikono yangu yote miwili.

"Wewe mama, kamba hapana pita!" Hirbo alikuja mbio. Akanikuta nimeng'ang'ania, akaelewa, akashusha pumzi. "Sasa iko fungwa."

"Nifunge," nikasema. "Fungua lango unifunge."

Kwa hiyo nilimpikia mama uji, nikamgeuza, nikamkanda mgongo. Nilimsema Barnabas asubuhi hadi jioni, na mama akanisikiliza kwa subira. Halafu akasema, "Ukimwona, mwambie afunge kitambaa vizuri. Kimelegea upande mmoja. Asije akaugua." Nilikasirika nikamwaga maji.

Mama hakuiona Jumapili ya pili. Alikufa Jumamosi, kichwa chake mapajani kwangu, na Hirbo akatufungulia lango, waliokuwa wamepata nafuu wakamchimbia kaburi kati ya zizi na kamba. Kwetu, udongo wa kwanza hutupwa na mzaliwa wa kwanza, na kabla yake hakuna anayegusa jembe la kufukia. Kwa hiyo tukamngoja. Jumapili akaja na wageni wake na fimbo yake, akasimama nyuma ya kamba, hatua chache tu kutoka kaburini.

"Kaka," nikaita, "njoo umzike mama yako."

Hakusogea. Hirbo akanitazama mimi, akamtazama yeye, kisha akainama akaiinua kamba juu hadi usawa wa kifua, akageuza uso wake mtoni.

"Pita, kijana. Mimi hapana ona."

Wageni wote walikuwa wanangoja. Bwana Nyavu alikuwa mlangoni pake, amewasha kiko. Barnabas aliitazama ile nafasi chini ya kamba kwa muda mrefu, na miguu yake ikabaki mahali pake.

Nikainama, nikauchota ule udongo wa mzaliwa wa kwanza, nikautupa mimi. Halafu nikakumbuka nilichotumwa.

"Mama amesema ufunge kitambaa vizuri," nikamwambia. "Asema kimelegea."

Kaka yangu akapeleka mikono yote miwili kisogoni, akakifunga vizuri.