Sindano ya Sita

Fundi cherehani alikuwa na ugonjwa usio na dawa: popote aendapo, hata harusini, ukosi wa shati lake ulichomekwa sindano sita. "Wenzangu wanavaa tai," husema, "mimi navaa riziki."

Asubuhi ile alisahau kuzichomoa. Alimbeba bintiye hadi mlango wa chumba cha upasuaji, kabinti ka miaka mitano kaliko­zaliwa na kasoro nne ndani ya moyo usiozidi ngumi yake. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau tangu kuzaliwa, basi baba akamwita Zambarau kwa utani, maana angelia kila siku angemaliza machozi. Akikimbia hatua kumi, huchuchumaa akitafuta pumzi. Leo daktari angemfungua kifua, aiachie mashine kazi ya moyo, azibe tundu kwa kiraka na kupanua njia ya damu iliyobana.

"Baba, kiraka cha rangi gani?"

"Yoyote, mradi fundi wao asinishinde."

Akamkumbatia kwa nguvu, blanketi na yote. Mlango ukafungwa.

Kwenye benchi, kando ya dada yake, vidole vikapanda ukosini kwa mazoea. Tano. Akahesabu upya. Tano.

"Dada, sindano moja haipo."

"Mtoto yuko kwenye kisu, wewe unalilia sindano?" dada yake akafoka. "Nitakununulia pakiti nzima, ujishone na huo mdomo!"

"Nilimkumbatia, dada."

Dada, ambaye mdomo wake haukuwahi kwenda likizo, akanyamaza. Hapo ndipo fundi alipoogopa hasa.

Miaka miwili walingojea siku hii. Je, madaktari wakikasirika wakamrudisha nyumbani? Na akikaa kimya, sindano ikazama mwilini? Akaruka mstari mwekundu wa sakafuni, akagonga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Baba, mstari huuoni?" Muuguzi alitoa kichwa tu.

"Mwanangu kaingia na sindano yangu! Ya vifungo, fupi. Ilikuwa hapa ukosini."

Muuguzi hakucheka. "Moja tu? Una hakika?"

"Moja. Msimrudishe, nakuomba, nesi."

"Kaa chini." Mlango ukafungwa tena.

Akakaa. Mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga pedali isiyokuwepo, saa ya kwanza, ya pili, ya tano. Kila mlango ulipolia, alisimama. Dada akaushika ule mguu, nao haukukoma.

Alasiri muuguzi akatoka na kipande cha pamba kilichochomekwa sindano.

"Yako hii. Tuliipata kwenye pindo la blanketi kabla ya kuanza. Nilishavaa glavu, nisingeweza kutoka kukuambia. Na sindano zetu zote zimetimia. Bila hesabu kutimia, kifua hakifungwi."

"Na mwenye kifua?"

"Moyo unapiga wenyewe. Lakini siku mbili hizi ni za kumwangalia sana, baba. Sikudanganyi."

Wakamchungulia kiooni. Mipira ya hewa na dawa kila mahali, kifua kimefungwa bandeji. Midomo je? Si zambarau tena. Fundi, ajuaye nyuzi za rangi arobaini, hakuijua ile rangi. Hakuwahi kuiona hapo.

"Sasa utamwitaje?" dada akanong'ona.

"Acha aamke kwanza."

Mkono wenye sindano ukapanda ukosini. Ukakomea njiani. Akazichomoa na zile tano, akamkabidhi dada yake zote sita.

"Hesabu," akasema. "Kwa sauti. Bila hesabu kutimia, simkumbatii."