Kijani cha Kwenye Atlasi

Uvumi ule uliniingia kama mbu ndani ya chandarua: kila nikisema umetoka, nausikia tena sikioni. Kinyozi wa mtaani alimwambia mume wangu kwamba kule tambarare, safari ya siku mbili kwa lori, ardhi ni ya kumwaga na watu hakuna. Kuna dalali anabadilishana: unampa kiwanja chako cha mjini, anakupa eka ishirini.

Sisi tuna kiwanja kando ya barabara. Nyumba ya vyumba viwili, na kitalu cha miche ya kabichi, nyanya, pilipili na vitunguu. Kitalu hicho ndicho kinachotulisha na kuwasomesha watoto wanne. Lakini tumebanwa jamani. Jirani akikohoa, nasema pole bila kutoka kitandani.

Nikasema siingii kichwa kichwa. Niliishia darasa la saba, ila ramani nilikuwa naziweza. Nikachukua atlasi ya binti yangu mkubwa, aliye kidato cha pili, nikaitafuta ile tambarare. Kijani kitupu! Huku kwetu, kahawia. Nikaizungushia duara la penseli, nikampelekea mume wangu kitaluni.

"Baba watoto, tazama mwenyewe. Kule majani, huku vumbi."

"Kumbe!" Akafuta mikono kwenye suruali. "Kama kitabu kimesema, mimi ni nani nibishe?"

Tukamwambia dalali aje Jumamosi ya wiki ya pili na karatasi za kutia sahihi. Tukaacha kusia mbegu. Wiki mbili nzima matuta yakakaa matupu, na wateja niliwarudisha kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ijumaa alasiri binti akakaa kujiandaa na mtihani wa jiografia. Akaliona duara.

"Nani kachora kwenye atlasi yangu?"

"Mimi. Ndiko tunakohamia. Ona kulivyo kijani."

Akaanza kucheka, kisha akaona mimi sicheki.

"Mama, hii rangi inaonyesha kimo cha ardhi. Kijani ni nchi ya chini, kahawia ni nchi ya juu. Si majani. Kwani hukusoma ufunguo?"

"Ufunguo gani?"

Akaweka kidole kwenye kisanduku pembeni mwa ramani. Maandishi madogo kama chawa, lakini yapo.

"Nionyeshe mvua," nikasema.

Tukafungua ukurasa wa tabianchi, ulio na wastani wa mvua wa miaka thelathini: kule ndiko kukavu kuliko kote. Tukafungua wa watu, ambapo kila nukta ni watu elfu kumi. Kwetu nukta zimejaa kama mtama uliomwagika. Kule ziko tatu. Ukurasa wa uchumi ukasema kule wanachimba chumvi na kufuga.

"Umeona? Watu hawapo kwa sababu maji hayapo," binti akasema. "Na hawa wanaotubana hapa ndio wanunuzi wetu. Ukiwakimbia, miche utamuuzia nani? Chumvi?"

Mimi niliyekuwa nawalaani majirani kwa wingi wao, nikachukua kifutio nikalifuta duara.

Mume wangu aliporudi nikamweleza yote. Akakunja uso. "Juzi kijani, leo kahawia. Kesho utaniambia bluu? Nimeshampa mtu neno langu."

Jumamosi asubuhi dalali akaja na viatu vinavyong'aa, akatandaza karatasi mezani. Mume wangu kalamu mkononi. Mimi nikaja na atlasi, nikaiweka juu ya zile karatasi.

"Ndugu, kule mvua ikoje?"

"Mama, mwezi uliopita ilinyesha mpaka lori likakwama! Picha ninayo hapa."

"Hiyo ni hali ya hewa ya siku moja. Mimi nauliza tabianchi, wastani wa miaka thelathini. Mkwe mkali akicheka mara moja, utasema ni mcheshi?"

Mume wangu akakohoa kuficha kicheko.

"Mama kasoma huyu," dalali akasema kwa kejeli.

"Darasa la saba, na maswali sijamaliza. Maji wanachota wapi? Watu wa kule wanauza nini, wanamuuzia nani? Na kama ni kuzuri hivyo, wewe eka ishirini unaziachaje kwa kiwanja cha vumbi?"

Dalali akamgeukia mume wangu. "Mzee, hapa anayetia sahihi ni wewe au mama?"

Hapo akaharibu. Mume wangu akafunika kalamu. "Kalamu yangu, maswali yetu sote. Mjibu."

Dalali akakusanya karatasi, akasema ana mtu mwingine wa kumwona. Jumatatu tukasia mbegu. Wateja wawili wakubwa walishahamia kwingine na hawajarudi; hilo ni kosa langu, nimelimeza. Lakini nasikia dalali sasa yuko mtaa wa pili, kwa hiyo nawaandikia, mama zangu na dada zangu. Epukeni haya:

Usisome rangi ya ramani kabla ya kusoma ufunguo wake.

Usiite mvua ya mwezi mmoja tabianchi.

Usihamie pasipo na watu kabla ya kujua kwa nini hawapo.

Usiudharau wingi wa watu kama unaishi kwa kuuza.

Usiache kazi inayokulisha kwa sababu ya maneno ya kinyozi.

Usibadilishane ardhi ambayo hujaikanyaga.

Usitie sahihi mbele ya mtu anayekwepa swali.