Shirika Limekuja Kumwombea Lusenge

Jumamosi hiyo shirika zima, wale Wakristo wa mtaa wanaosali pamoja, lilikuja Butembo kwenye kituo chetu cha kusaidia walevi, rozari mkononi, likanikuta nimesimama mlangoni. Mbele alikuwa Papa Hippolyte, kiongozi wao. Nyuma yake alisimama Kavugho, mama wa Lusenge, kijana niliyekuwa nikimsaidia kuacha kindingi, ile pombe kali inayochoma koo.

"Maman Élise," Hippolyte akasema, "utuambie shida ya mutoto ni gani, tuiombee na jina yake."

"Muombe. Kusema, mimi sisemi."

"Mais mama yake iko hapa!"

"Namuona. Macho niko nayo."

Mimi ni mkali, sikatai. Na simwagi mtama kwenye kuku wengi: kinachoombewa Jumamosi, Jumatatu soko zima linakijua. Tena Lusenge aliniapisha. Neno moja likimfikia mama yake, angerudi Kasindi, kule mpakani, kupakia malori na kunywa mpaka afe. Leo nasimulia kwa ruhusa yake. Alipokuwa mtoto, karibu na Beni, yeye na mama yake walijificha porini wauaji wakipita. Alikuwa na kikohozi. Mama yake alikuwa amekimbia na chupa ya kindingi aliyokuwa akiuza, akamnywesha ili alale, asikohoe. Walipona. Lakini tangu hapo kila hofu ilipomjia, koo lilijua dawa yake. Hakutaka mama ajue kwamba anakumbuka.

Nimtangazie mama huyo hayo mbele ya umati? Heri kituo kifungwe.

Kavugho akasogea. "Mimi njo nilimuzaa."

"Ndiyo, ulimuzaa. Ukitaka kuingia, ingia peke yako, kama yeye anakubali. Na usimuulize kitu. Sema ya kwako."

Nikaingia ndani kumuuliza Lusenge. Alinichunguza uso muda mrefu, akitafuta kama nimemsaliti.

"Aingie," akasema. "Mais na wewe ubakie."

Kavugho aliketi. Nilingoja lawama tulizozizoea: aibu, majirani, mashetani. Yeye akatazama sakafu.

"Mwanangu, mimi njo nilikuonjesha. Kule pori. Kila siku nikikuona unalewa, najua ni mukono yangu."

Lusenge akanigeukia ghafla. Nikatikisa kichwa: si mimi. Akaniamini, na furaha niliyoipata sijaipata kwa mshahara wowote. Kisha akashika mikono ya mama yake.

"Mama, nilikuwa najua. Ulitaka tupone. Na tulipona."

Walilia wote wawili. Mimi pia nililia, wala sioni haya.

Mlango ukagongwa. Hippolyte alikuwa amechoka kungoja.

"Donc? Mutoto amesema nini? Tuanze sala?"

Kavugho akafungua mlango mwenyewe, macho mekundu, shingo imesimama.

"Muanze," akasema. "Ile amesema, Mungu anaijua. Ninyi, hapana."