Mama Kuku Hutangulia

Wanafunzi walimwita Mama Kuku, naye hakuchukia. Mhadhiri huyo wa historia alikuwa na desturi asiyoivunja: kila mlango wa ugenini yeye hutangulia, mwavuli mwekundu juu, vifaranga nyuma. Akishapita yeye, alipenda kusema, wao wataona kwamba hapaumi.

Semina ile ya likizo, katika nchi ya kigeni, ilikwenda vizuri mno, na hapo ndipo kichwa kilipomvimba. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na jumba la makumbusho ambalo halikuwamo kwenye ratiba. "Tunakwenda asubuhi, jioni tumerudi," akawaambia. Viza zao ziliruhusu kuingia nchi ile ya semina mara mbili. Alikuwa amezikagua zote kule chuoni, kabla Kitindamimba hajajiunga.

Kitindamimba alikuwa wa mwisho kuzaliwa kwao na wa mwisho kujiandikisha safari, na viza yake aliihangaikia mwenyewe. Mama yake alimsindikiza hadi uwanja wa ndege, akamshika mhadhiri mkono. "Nakukabidhi mzima, Mwalimu. Nirudishie mzima." Mhadhiri alicheka, akamwambia aondoe shaka.

Sasa jioni imefika, wako mpakani wakirudi, na wote wamepita isipokuwa huyo mmoja.

"Hii yake ni ya kuingia mara moja tu," alisema ofisa wa uhamiaji, bila ukali wowote, na afadhali angefoka. "Ameshaitumia. Arudi ng'ambo akaombe nyingine ubalozini."

"Itachukua muda gani?"

"Wiki. Pengine zaidi."

"Ni mtoto huyu, baba! Hana mtu huko."

"Nenda naye, mama, sikuzuii. Ila na wewe umeshamaliza mara zako mbili. Ukitoka, huingii tena."

Mhadhiri alitazama nje. Kando ya basi vifaranga wengine walikuwa wanapigana picha na kugombea biskuti, hawana habari. Mwalimu mwingine hakuwapo. Chuo kilimtuma peke yake. Laiti angekaa nyuma leo! Angerudi na binti ng'ambo, akamtafutia pa kulala na mtu wa kumwangalia, kisha akavuka kuwafuata wenzake. Lakini alishatangulia, kama kawaida yake, na muhuri umeshagongwa. Alijichukia.

Bila kufikiri, akainua mwavuli.

Nyuma ya kioo Kitindamimba aliuona. Uso ukamchangamka, akabeba mkoba wake, akaja mbiombio. Askari alimshika bega, akamrudisha kwenye benchi. Mhadhiri akaushusha mwavuli, asijue auweke wapi.

Simu yake ikalia. Alikuwa mama wa Kitindamimba.

"Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Mwanangu simpati kwenye simu. Mko naye hapo?"

Mhadhiri aligeukia kioo. "Yupo, mama. Namwona."

"Aa, umenishusha presha! Basi mpe simu nimsikie."