Tarumbeta si Hasiki

Bi Mardhiya aliwaambia wazi afisini: kazi ya kuwahudumia wazee majumbani anaiweza, kuogesha, kuvisha, kupika uji, kutoa dawa kwa saa zake, lakini nyumba yenye mbwa haendi. Yeye ni mtu wa Wete, Pemba. Kwa miaka kumi na saba aliyoishi London alikuwa hajamgusa mbwa hata kwa ncha ya kiatu. Msimamizi alitazama kompyuta yake, akasema aliyebaki ni mzee mmoja tu, wa Stanmore. Ama huyo, ama asubuhi zake zibaki bila kazi.

Mzee mwenyewe aliitwa Mahendra, mfamasia mstaafu wa miaka themanini na mbili. Mkewe, Jaya, alikuwa amefariki, na mwanawe Deepak anaishi Toronto. Alizaliwa Unguja akaondoka akiwa kijana, na Kiswahili chake alikuwa bado anacho chote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. We wa Pemba wewe. Ingia. Huyu hali watu."

"Huyu" alikuwa dude la kijivu na jeupe lenye kifua cha fahali. Mardhiya alirudi nyuma hadi kwenye ukuta.

"Mzee, mimi na hilo hasiki lako tutaelewana likiwa upande wa pili wa mlango."

Mahendra alimfungia mbwa jikoni bila ubishi. Kilichomkera ni neno. "Hasiki? Bi Mardhiya, huyu si hasiki. Huyu malamuti. Jina lake Tarumbeta, na ukimsikia akilia utajua kwa nini."

Tangu siku hiyo, kila akivalishwa soksi, mzee alimsomesha habari za mbwa wa theluji. Hasiki wa Saiberia ni mdogo, mwepesi, ana mbio, na macho yake huweza kuwa ya buluu. Malamuti ni wa Alaska, mzito, macho yake ya kahawia, mkia ameupinda juu ya mgongo. Yeye si wa mbio, ni wa kuburuta mzigo juu ya theluji kutwa nzima. Samoyedi ni mweupe pe, na watu wa kaskazini ya Saiberia walimtumia kuchunga kulungu wao wa barafu, na kwenye baridi kali wakalala naye kupata joto. Mbwa wa Grinlandi ndiye mkaidi kuliko wote. Na wale wanaoshinda mashindano makubwa ya Alaska, alisema Mahendra kwa dharau kidogo, si aina rasmi hata moja. Ni machotara, watu wanachanganya damu wakitafuta kasi.

"Sasa wote hao Waingereza wanawaita hasiki," alisema.

"Na mimi kwenye basi wananiita Msomali," Mardhiya alimjibu, akafunga kifungo cha mwisho cha shati.

Miezi minane ilipita hivyo, mlango wa jikoni ukiwa kati ya Mardhiya na mbwa.

Julai joto likaingia. Siku moja lilifika nyuzi thelathini na nne, na Mahendra alikuwa amelazwa hospitali tangu jana yake kwa sababu ya moyo. Mbwa aliachiwa jirani, Bwana Kamal, mzaliwa wa Kisumu, mtu mwema asiyejua lolote kuhusu mbwa. Kazi ya Mardhiya ilikuwa kuchukua nguo safi na miwani, basi.

Alipopita sebuleni alimwona Tarumbeta kwenye kile chumba cha vioo cha nyuma, amelala ubavu, ulimi nje, anahema kwa sauti ya msumeno. Alipogonga kioo, mbwa hakugeuza hata sikio. Kamal alimfungia humo asubuhi ili asiruke ua, na jua lilikuwa limegeuza chumba kuwa tanuri.

Mardhiya alifungua mlango. Hewa ya moto ikampiga usoni. Alisimama pale kwa muda, labda pumzi tatu, mkono umeshika kitasa. Kisha akapiga simu kwa daktari wa wanyama ambaye namba yake ilikuwa imebandikwa kwenye friji.

"Ni mbwa wa aina gani?" mwanamke wa upande wa pili alimuuliza. "Ana uzito gani?"

"Malamuti. Dume, miaka tisa. Kilo arubaini na moja."

Akaambiwa: mtoe humo umweke kivulini, mmwagie maji mengi ya bomba, mpepee, usimfunike taulo, mmwagie kwanza ndipo umlete.

Alimwita Kamal kwa sauti iliyosikika nyumba ya nne. Mwenyewe akaingia, akatandika shuka chini, akampitishia mbwa mikono chini ya mbavu na kumvuta juu ya shuka. Manyoya yalikuwa ya moto. Mate yakamlowesha mikono hadi viwikoni. Kamal alipofika, wakaburuta shuka wote wawili hadi chini ya mti wa tufaha, Mardhiya akafungua mpira wa maji.

Kamal alikuwa analia. "Nilete mkasi, dada? Tumpunguze manyoya apate hewa."

"Usimguse na mkasi! Manyoya yake yana tabaka mbili, yanamkinga na jua kama yanavyomkinga na baridi. Mzee kaniambia mara mia. Shika hili sinia, mpepee."

Baada ya robo saa Tarumbeta alijaribu kuinua kichwa. Wakampakia kwenye gari la Kamal, madirisha wazi. Daktari alimweka siku mbili, akasema nusu saa zaidi wangemzika.

Mardhiya alirudi bustanini, akachota udongo mkavu chini ya mawaridi, akajitoharisha mate ya mbwa mikononi mara saba, sita kwa maji na moja kwa udongo, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani. Baju lake lililolowa akalitia kwenye mfuko, likafuliwe. Ndipo akakumbuka kwamba mzee bado anasubiri miwani yake.

Hospitali hakumficha. Mahendra alisikiliza, akafumba macho, akashukuru. Mardhiya angeweza kuishia hapo.

"Mzee, kuna jambo jingine. Wewe ukitoka hapa hutaweza hata kumfungulia mlango. Huyu mbwa aliumbiwa kuvuta. Miezi minane sijamwona akitembea zaidi ya bustani."

"Nani kakuuliza?"

"Hujaniuliza. Lakini mimi ndiye niliyemkuta chini."

Mzee aligeukia ukutani. Aliporudi nyumbani, wiki nzima hakumwambia Mardhiya neno zaidi ya ndiyo na hapana, na uji aliurudisha mara mbili kwamba una chumvi. Mardhiya alipika mwingine. Siku ya nane alimkuta na simu mkononi.

"Nisomee hii namba. Macho yangu hayaoni vizuri. Ni ya wale wanaowatafutia mbwa hawa makao."

Wiki tatu baadaye alikuja mama mmoja kutoka Yorkshire, mwenye malamuti wawili na kigari cha magurudumu anachowafungia wakivute msituni pasipo na theluji. Mahendra alimhoji karibu saa nzima: chakula, maji, kivuli, daktari. Kisha akamkabidhi kamba. Tarumbeta alipanda garini mwenyewe, akaketi, akatazama mbele. Gari lilipokata kona waliisikia sauti ya mbwa, ndefu, inapanda na kushuka, mpaka ikamezwa na barabara.

Mardhiya alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akajifanya anatafuta ufunguo.

"Kesho," Mahendra alisema, "usije saa moja. Njoo saa tatu. Nataka kulala."

"Saa tatu nina mtu mwingine, Mzee."

"Basi njoo hiyo saa moja," alisema, akamshika mkono waingie ndani.