Kazi ya Moi's Bridge

Mideva alikuwa amewahi kutapeliwa mchana kweupe. Wakala mmoja alimwahidi kazi ng'ambo, akachukua ada, akazima simu. Tangu hapo, mtu akimtajia kazi, alimtazama kama anayetazama noti bandia.

Na kazi aliitaka mno. Alisomea uhifadhi wa nafaka katika chuo cha Chepkoilel, akahitimu, akarudi kwao mtaani Langas kumsaidia mamake kukaanga mandazi. Akimaliza kukaanga, hushika simu na kutuma CV kila pembe ya mtandao.

Jumanne moja ujumbe ukaingia kwenye WhatsApp. "Naitwa Jelagat, niko ghala la mahindi Moi's Bridge. Nimepewa jina lako na mtu anayekujua. Tunatafuta wawili wa kupima unyevu wa mahindi. Njoo Ijumaa na vyeti na gumboots. Usimlipe mtu yeyote."

Mideva akausoma huku amekunja uso. Mtu gani huyo asiye na jina? Na picha ya huyo Jelagat ilikuwa ya ng'ombe, ng'ombe mzima, amesimama kando ya boma. Kilichomkera zaidi ni hilo la kutolipa. Mwizi wa kweli, alijiambia, ndiye hukuonya kuhusu wezi.

Kundi lao la vijana wanaotafuta kazi, Langas Ajira, lilikuwa na desturi: ukimshuku mkora, unamwanika. Unapiga picha ujumbe wake, namba na yote, watu wamfungie. Mideva akamwanika Jelagat. "Wadau, wakora wa Moi's Bridge hawa. Msidanganyike."

Sifuna, waliyesoma naye darasa moja chuoni, ndiye alikuwa wa kwanza kujibu. "Asante sana sister kwa kutulinda. Nimeblock huyo." Wengine wakafuata na baraka tele. Mideva akalala akiwa na raha ambayo hakuwa ameionja kwa muda mrefu.

Wiki mbili baadaye alienda dukani kwa Mama Njambi kununua unga wa ngano. Mama Njambi akamhudumia bila hata salamu.

"Kuna nini, Mama?"

"Nikuulize wewe. Jelagat huniletea mahindi miaka mingi. Nimekusifu kwake mpaka mdomo ukauma. Kwa nini hukuenda?"

Unga ulimlemea mikononi. "Ni wewe ulimpa namba yangu? Na mbona hukuniambia?"

"Nikuambie, umwambie mama yako, naye atangazie kanisa zima, halafu ukose? Nilimwambia asinitaje."

Mideva akatoka nje, akapiga ile namba. Jelagat alikuwa mpole, na upole huo ndio uliomuumiza.

"Pole, Mideva. Si ulimtuma Sifuna? Alikuja Ijumaa na picha ya ujumbe wangu, akasema wewe umepata kwingine."

"Na ile nafasi ya pili?"

"Hiyo niliiacha wazi wiki nzima. Nikamwambia Sifuna aulize kwa group yenu kama kuna mtu. Akasema ameuliza, hakuna anayetaka. Jana amemleta binamu yake."

Mideva akakata simu hapo kando ya barabara. Akafungua kundi ili amwanike Sifuna mchana huohuo. Lakini ataanzia wapi? Onyo lake mwenyewe ndilo lilikuwa limebandikwa juu kabisa, na jina lake, na baraka zote zile.

Akaurudisha mjadala nyuma mpaka wiki iliyopita, kutafuta kama Sifuna aliuliza kweli. Alikuwa ameandika, naam.

"Wadau, yule Jelagat wa Moi's Bridge bado anasumbua watu na kazi hewa. Tuwe macho."

Chini ya ujumbe huo kulikuwa na dole gumba moja tu la kuunga mkono. Mideva akaligusa aone ni la nani, ingawa alikuwa ameshakumbuka. Lilikuwa lake.